Barolo ya Bartolo Mascarello: Nebbiolo Isiyotaka Haraka

Anayemimina Barolo, divai nyekundu ya Italia, ya kiwanda cha Bartolo Mascarello kwa mara ya kwanza anaweza kudhani imezimuliwa kwa maji, kwa kuwa wekundu wake ni hafifu, ukingoni unakaribia rangi ya tofali, na vidole vilivyoshika glasi huonekana upande wa pili. Funda moja huiondoa dhana hiyo. Ndivyo zilivyo zabibu za Nebbiolo: ganda lake ni jembamba na rangi yake haba, lakini ukakasi wake hukausha ufizi huku uchachu wake ukiamsha mate.

Kiwanda hiki kidogo kilianzishwa mwaka 1918 na Giulio Mascarello katika mji wa Barolo, mkoani Piemonte, Italia, kikarithiwa na mwanawe Bartolo, aliyefariki mwaka 2005, na leo kinaongozwa na Maria Teresa, binti wa Bartolo. Majirani wengi walipoanza kuuza divai ya kila shamba peke yake na kuizeesha katika mapipa madogo mapya ya Kifaransa, Bartolo aliyakataa yote mawili, na kwenye lebo moja aliyoichora kwa mkono wake aliyapiga marufuku mapipa hayo pamoja na mwanasiasa wa Italia, Silvio Berlusconi. Hadi sasa zabibu za mashamba ya Cannubi, San Lorenzo, Rué na Rocche huchanganywa, huchachuka katika matangi ya saruji, kisha divai hutulizwa katika mapipa makubwa ya mwaloni yasiyoiachia ladha ya mbao. Sheria ya Barolo hudai angalau miezi 38 ya kuzeesha, 18 kati yake ikiwa ndani ya mbao.

Chupa ya mavuno ya 2016 niliifungua mapema mno, na kosa hilo ni langu. Kwa saa nzima ilikuwa imejifunga, ukakasi wake ukishika ulimi kama chai iliyochemshwa kupita kiasi. Nusu niliyoiacha hadi kesho yake ndiyo iliyosema: waridi lililokauka, cheri chachu, na ile harufu ya lami iliyopigwa jua ambayo Nebbiolo hutajwa nayo kila mahali, na ambayo sikuwahi kuiamini kabla ya jioni hiyo.

Bei yake ni kali, kwa kuwa mashamba ya familia hii ni madogo na wanaoitafuta ni wengi. Asiye na subira, wala mahali penye giza na ubaridi pa kuiweka kwa miaka kumi, achukue Langhe Nebbiolo, divai nyingine ya kiwanda hichohicho, yenye waridi lilelile na ukakasi mpole zaidi.