Mwaka mmoja na kozi ya Bargue: uzoefu wangu wa kufundishia vijana

Nimeitumia kozi ya kuchora ya Charles Bargue, mchoraji Mfaransa wa karne ya 19, kwa mwaka mzima, nikiwa na vijana wanane wa miaka 13 hadi 17, saa mbili kila Jumamosi. Nikiambiwa nitoe nyota, sehemu ya kwanza naipa nne, ya pili naipa mbili, na ya tatu sikuifungua darasani kabisa.

Kwa asiyeijua: hii si video wala programu ya simu. Ni chapa 197, yaani michoro iliyochapishwa kwenye karatasi ili mwanafunzi ainakili, zilizotolewa Paris na kampuni ya Goupil kati ya mwaka 1866 na 1871, Bargue akishirikiana na mchoraji Jean-Léon Gérôme. Sehemu ya kwanza ina chapa 70 za sanamu za plasta: macho, masikio, nyayo, mikono, kisha vichwa na viwiliwili. Ya pili ina 67, nakala za michoro ya mabingwa. Ya tatu ina 60, wanaume walio uchi waliochorwa zaidi kwa mistari ya nje. Zilikuja kukusanywa upya na Gerald Ackerman katika kitabu kimoja mwaka 2003, na tangu hapo madarasa ya uchoraji halisi wa mtindo wa kale yamekuwa yakizitumia. Vincent van Gogh alizinakili mwaka 1880, akiwa na miaka 27 na ndiyo kwanza ameamua kuwa msanii. Hilo niliwaambia vijana wangu siku ya kwanza, hasa yule aliyeniuliza kama hajachelewa kuanza. Ana miaka 16.

Kabla ya hapo nilikuwa nafundisha kama nilivyofundishwa mimi. Naweka jagi mezani, wanachora, nami napita nyuma ya migongo yao nikisema shingo imepinda, mkono umekuwa mrefu. Kijana wa miaka 15 ukimwambia hivyo mara tatu, mara ya nne anaigeuza karatasi. Nikiona machozi yanalenga nilikuwa nachukua penseli na kumrekebishia. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe: mwisho wa muhula nilikuwa na michoro minane mizuri yenye mkono mmoja tu ndani yake, mkono wangu.

Bargue ameniondolea kazi hiyo, na hapo ndipo nyota zake nne zilipo. Kila chapa ya mwanzo ina picha mbili. Upande mmoja umbo limejengwa kwa mistari michache iliyonyooka, kama fundi mwashi anayepanga msingi kabla ya kujenga. Upande wa pili ni umbo hilohilo limekamilika, na vivuli vyake vyote. Mwanafunzi anaweka karatasi yake bega kwa bega na chapa, kimo sawa, anatia alama juu kabisa na chini kabisa, kisha anashusha timazi. Nasema timazi nikimaanisha timazi hasa, uzi wenye kizito kidogo mwishoni. Uzi huo unashuka katikati ya chapa, na mstari kama huo unachorwa kwenye karatasi yake. Kuanzia hapo kila nukta inaweza kupimwa: iko umbali gani kutoka kwenye uzi, na iko sawa na nini ukivuta uzi mwingine kwa mlalo.

Nina kijana mmoja, fundi wa katuni za Kijapani, macho makubwa na nywele kama moto. Anachora haraka na anajua kwamba anajua. Nilimpa unyayo. Baada ya dakika 40 akaniletea, na haukuwa mbaya, ila ulikuwa na kitu. "Ticha, imekosea wapi?" Sikumjibu. Nilimpa uzi nikaenda kwa mwingine. Aliporudi mezani kwangu alikuwa ameshafuta kisigino chote. Kilikuwa kimeingia ndani kwa unene wa penseli. Huyu ni mtoto anayebishana na mimi kuhusu kila kitu, hata saa ya ukutani, lakini na uzi hakubishana. Uzi haumjui, haumpendi wala haumchukii, na hauna umri.

Kwa watu wazima sidhani kama jambo hili lina uzito huo. Kwa rika hili ndilo jambo lenyewe. Wanaweza kuvumilia kukosea, mradi kosa walione wao wenyewe kabla yako.

Kipande kingine kilichofanya kazi kuliko nilivyotarajia ni kivuli. Bargue anakitenga kivuli na mwanga kwa mpaka ulio wazi, na kivuli kinakuwa umbo lenye sura yake, kama nchi kwenye ramani. Vijana waliokuwa wakipaka kijivu kila mahali kwa kidole walianza kuyapa majina maumbo hayo. Kivuli cha chini ya sikio wakakiita kasuku, na kweli, ukikitazama hivyo ni kasuku. Ukishakiona kasuku huwezi tena kukichora kama sikio unalolijua kichwani. Niliwafundisha pia kufumba macho nusu, ili vitu vidogovidogo vipotee na kubaki mwanga na giza tu. Walicheka wiki nzima, kila mmoja akimwigiza mwenzake, halafu wakaanza kufanya bila kuambiwa.

Kosa lao la kudumu, wote wanane, lilikuwa ule mwanga hafifu unaorudi ndani ya kivuli kutoka mezani au ukutani. Wakishauona wanaupenda, wanauchora mweupe kama mwanga wenyewe, na umbo zima linavunjika. Dawa niliyoipata ni ngazi ya vipande tisa, kutoka weupe hadi weusi, ambayo kila mmoja aliichora mwenyewe na kuikata. Anaiweka juu ya mchoro, analinganisha. Usishangae ngazi zao za kwanza zikiishia kwenye kijivu. Vijana wanaogopa weusi.

Sasa kilichonigharimu.

Kozi hii ni ya polepole, na mtu anayeifanya kwa utaratibu wa shule za sanaa anaweza kukaa na chapa moja kwa saa nyingi mno. Mimi nilitaka sikio likamilike kabisa kabla ya mtu kwenda mbele. Kwa saa mbili za Jumamosi, sikio likawa la wiki sita. Wiki ya saba wawili hawakuja tena, na mmoja wao ndiye aliyekuwa na jicho zuri kuliko wote. Kosa lilikuwa langu. Mtu mzima akilipia kozi anajua anachokisubiri, lakini kijana wa miaka 14 unampa sikio moja kwa wiki sita na unamwambia mambo mazuri yako mbele, kwa nini akuamini?

Nilibadilisha mpango katikati ya mwaka. Chapa zikawa tatu tu: unyayo, sikio, na kichwa kimoja ambacho sikutaka kikamilike, kiishie kwenye mistari iliyonyooka na vivuli vya kwanza. Dakika 20 za mwanzo wa kila kipindi tukawa tunachora mikono yetu wenyewe, dakika tano tano, bila kufuta. Michoro hiyo mingi ilikuwa mibaya, na iliwafurahisha sana. Wale sita waliobaki hawakuondoka tena.

La pili, na hili sikulisoma popote kabla ya kuliona kwa macho yangu: chapa ya Bargue tayari ni mchoro. Mtu mwingine ameshaamua mpaka wa kivuli uko wapi na kipi kiachwe. Binti mmoja wa miaka 14 alinakili sikio mpaka nikaligeuza kuona kama hakulipitisha kwa karatasi ya kunakilia. Nikamweka mbele ya sikio la plasta lenyewe, akaishiwa nguvu. Ana macho mawili, kila moja likiona lake. Akiinama kidogo umbo linabadilika. Dirisha lina mwanga, taa ya dari ina mwanga, kwa hiyo kivuli kina kingo zaidi ya moja. Niliziba dirisha, nikazima taa ya dari, nikaacha taa moja tu pembeni na juu kidogo ya sanamu. Sakafuni nikabandika utepe pale miguu yake inapotakiwa kusimama, hatua kadhaa nyuma ya stendi ya kuchorea. Anatazama kutoka kwenye utepe, anakariri, anasogea anachora, anarudi kwenye utepe. Siku hiyo alipata mstari mmoja wa maana. Wiki iliyofuata akapata sikio.

Huko kwenda na kurudi kulimfaa sana mwingine ambaye hawezi kukaa kitini dakika kumi. Sasa nilikuwa na sababu ya kumwacha atembee.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayetaka kuitumia na rika hili: usisubiri chapa ziishe ndipo ulete vitu halisi. Anza mapema, hata kwa sanduku na mpira vilivyopakwa rangi nyeupe isiyong'aa. Kozi peke yake inafundisha kutii picha. Sanamu yenye taa moja ndiyo inayofundisha kuamua.

Sehemu ya pili ina nyuso nzuri mno, nyingi za Hans Holbein, mchoraji Mjerumani wa karne ya 16, na vijana waliikimbilia kwa sababu ni watu. Lakini ngazi za ujenzi zinazokuongoza kwenye sehemu ya kwanza hapa ni chache, na asiyezoea anarudi kunakili mstari wa nje kama mchwa anayefuata ukuta. Ya tatu, nilivyosema, niliiacha. Hata kwenye ya kwanza kuna viwiliwili vya uchi, na mzazi mmoja alinipigia simu kwa hasira kuhusu kimoja ambacho mwanawe alikipiga picha. Alikuwa na haki ya kuuliza. Kitabu hiki waonyeshe wazazi wewe kwanza, ukurasa kwa ukurasa, kabla hawajakiona kwenye simu ya mtoto.

Kuhusu nakala: za kwanza nilinunua kwa muuzaji wa mtandaoni ambaye simtaji, na vivuli vyote vilikuwa vimegandamana kuwa weusi mtupu. Mwanafunzi hawezi kujifunza kivuli kisichokuwa na kitu ndani. Kabla hujalipa, angalia picha ya ndani: chini ya kidevu au nyuma ya sikio, je, unaona ule mwanga hafifu unaorudi? Kama huuoni, acha. Na usichapishe kwa A4. Kosa la unene wa penseli kwenye A4 linakuwa kosa la unene wa unywele, na kijana hataliona. A3 ndiyo ya chini kabisa.

Vifaa ni vichache. Penseli za HB na 2B, zikinolewa ziwe na ncha ndefu; mimi siwapi wembe, nawapa msasa. Kifutio laini kinachofinyangika kama udongo. Kwa sanamu tulitumia mkaa wa kuchorea, ule wa vijiti vya matawi unaofutika kwa kitambaa. Kuna mwingine mgumu, mweusi sana, uliogandamizwa kiwandani. Niliuagiza kwa makosa, haufutiki kirahisi, na kijana aliyekosea nao anaacha.

Rangi tuliigusa miezi mitatu ya mwisho tu. Kwanza nyeusi na nyeupe peke yake, kuchora ule mpira mweupe kwa rangi za mafuta. Halafu rangi nne zinazohusishwa na mchoraji Msweden Anders Zorn: nyeupe, nyeusi, njano ya udongo na nyekundu kali. Hapa Bargue hana la kukusaidia, lakini kila kitu kilichotangulia kilisaidia, kwa sababu walishajua kuuliza kwanza giza kiasi gani kabla ya kuuliza rangi gani. Kulikuwa na kelele siku walipogundua kwamba nyeusi na nyeupe, ukiziweka karibu na nyekundu, zinaonekana bluu. Mmoja alidai nimeficha tyubu. Tuliikagua meza yote.

Jambo moja la usalama nisilofanyia mzaha: vitambaa vyenye mafuta ya kitani vinaweza kupata joto vyenyewe na kuwaka moto vikirundikwa. Vyetu viliingia kwenye kopo la chuma lenye maji na kifuniko, na nililibeba mimi. Tapentaini sikuiruhusu ndani. Brashi tuliziosha kwa mafuta ya kupikia kisha kwa sabuni. Nyeupe tuliyotumia ni ya titani, si ile ya zamani ya madini ya risasi.

Umri? Wa miaka 13 walihangaika, isipokuwa mmoja. Kuanzia 15 wanaenda vizuri. Chini ya 13 sijajaribu na sina hamu.

Nimeanza kundi jipya mwezi huu. Chapa tatu zilezile, taa moja, utepe sakafuni kuanzia wiki ya tatu. Yule wa katuni amerudi kwa hiari yake, ingawa unyayo alishaumaliza. Amekaa pembeni na katuni yake, msichana mwenye upanga, na ameomba uzi.