Pete kuukuu yenye ufa: nilivyoinunua Mtwara

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Sonara alitaja laki saba. Niliichukua kwa laki tano na ishirini, na elfu hamsini nyingine ikaenda kwenye matengenezo. Ni pete ya kike ya dhahabu ya karati 9, ina jiwe moja la buluu, na jiwe lenyewe lina ufa. Nimeivaa miezi sita sasa.

Hela ya korosho iliingia benki mwezi wa kumi na moja. Tuna mikorosho kule Nanyamba, aliyotuachia baba, na kila msimu minada ikishalipa huwa najitengea fungu dogo lisilohusiana na ada za watoto wala bati. Msimu huu nikasema fungu hilo ni pete. Ya ndoa ilishanibana siku nyingi; vidole nilivyoolewa navyo sivyo hivi.

Kuna sonara mjini, duka lake silitaji, ambaye pamoja na kutengeneza vitu vipya hununua dhahabu chakavu kutoka majumbani. Nilikwenda kuangalia pete mpya. Macho yakaangukia kisahani pembeni ya mizani: hereni isiyo na mwenzake, vipande vya mkufu, na hii pete. Jiwe lilikuwa limefunikwa na uchafu hadi likaonekana jeusi. Nikaliomba, nikalifuta kwa kona ya khanga, buluu ikatoka kama maji ya kina kirefu pale Msimbati.

“Hiyo ya enzi za Mwingereza, mwanangu,” mzee akasema. “Yakuti samawi halisi ya Tunduru.”

Hapo ndipo nilipoacha kuitamani nikaanza kuisikiliza. Mawe ya Tunduru yalianza kuvuma miaka ya 1990. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi Masasi, nakumbuka malori yakipita yamejaa vijana na sururu zao, wanakwenda kuchimba safaya, ndiyo hiyo hiyo yakuti samawi. Mwingereza alikwishaondoka 1961. Kwa hiyo ama pete si ya enzi hizo, ama jiwe si la Tunduru, au jiwe la awali lilitoka likawekwa jingine. Sikumbishia. Mtu mzima humbishii mbele ya wateja wake, na pengine hata yeye aliambiwa hivyo na aliyemuuzia. Ila tangu hapo kila alichosema nilikichukulia kama hadithi, nikaanza kuitazama pete yenyewe.

Ndani ya duara kulikuwa na alama. Simu ina tochi na kamera ya kukuza, kwa hiyo hilo halihitaji utaalamu. Niliona 9, nikaona .375, na pembeni yake nanga ndogo. Nanga ni alama ya ofisi ya kupima dhahabu ya Birmingham, Uingereza. Huwa kuna na herufi inayoonyesha mwaka, ila hiyo ilikwishalika kwa kuvaliwa. Basi nusu ya hadithi ya mzee ilisimama: dhahabu ya pete ni ya Mwingereza kweli.

Sasa hiyo 375 wengi wetu tunaipita bila kuihesabu. Maana yake ni kwamba katika sehemu 1,000 za pete, 375 tu ndizo dhahabu. Zilizobaki ni shaba, fedha na vingine. Huku pwani tumezoea dhahabu ya Uarabuni, karati 21 au 22, yenye wekundu wa kuiva. Ya 9 imepauka kidogo, na shangazi yangu alipoiona aliuliza kama ni ya kuchovya. Mizani ilisoma gramu 2.8. Piga hesabu: dhahabu tupu humo haizidi gramu moja na punje. Thamani yake isingefika hata nusu ya laki saba. Kwa hiyo fedha niliyokuwa naombwa ilikuwa ya jiwe na ya ukuukuu, na jiwe lenyewe lilikuwa na kasoro.

Nikaomba kutoka nalo nje. Mzee akanituma na kijana wake, sawa, ni haki yake. Dukani kuna taa nyeupe kali ambazo chini yake hata kipande cha chupa kinapendeza. Kwenye kivuli cha mwarobaini, saa nne asubuhi, ndipo nikaona mambo matatu. Kingo za juu za jiwe zilikuwa zimesagika kidogo upande mmoja. Ndani kulikuwa na ukungu, kama pumzi iliyoganda. Na kutoka ukingoni, jirani na ukucha mmoja wa dhahabu unaoshika jiwe, kulikuwa na mstari uliong'aa kila nilipoigeuza pete. Ufa.

Niliondoka bila kununua. Niliacha elfu ishirini ili asiiyeyushe.

Shemeji yangu hufanya biashara ya mawe Tunduru, na wiki ile alikuwa amekuja Mtwara. Nilimbembeleza tukarudi naye dukani, yeye na lenzi yake ya kukuza mara 10 na tochi nyembamba. Ninayoyaandika hapa chini ni yake zaidi kuliko yangu.

Kwanza alinikataza mambo ambayo nilitaka kuyafanya. Nilitaka kukwaruza kioo cha dirisha kwa jiwe, nione kama litaacha alama. Akasema hata kijiwe cha barabarani kikiwa na kwarizi, yale madini magumu ya mchangani, kinakwaruza kioo, hutajua lolote, na utaongeza ubovu juu ya ubovu. Kulipumulia je? Kioo huchelewa kuachia ukungu wa pumzi na yakuti huachia upesi, ila hilo linakusaidia kushuku tu, si kuamua.

Pili, umri wa pete si ushahidi kwamba jiwe limetoka ardhini. Hili sikulijua kabisa. Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza mwaka 1902 njia ya kutengeneza rubi kwa moto wa mashine, na buluu ikafuata miaka michache baadaye. Kwa hiyo pete za bibi zetu, na za bibi zao Waingereza, zinaweza kuwa kuukuu kweli na zikabeba mawe ya kiwandani. Ukitazama jiwe la aina hiyo kwa lenzi utaona mistari iliyopinda kama ya sahani ya santuri, au viputo vya hewa.

Alikaa kimya muda mrefu, pete puani kabisa. Kisha akanipa lenzi. “Huo ukungu wako, shemeji, utazame vizuri.” Haukuwa ukungu. Zilikuwa nyuzi nyembamba kuliko za buibui, zimepishana kwa mpangilio, zikipokea mwanga kama kitambaa. Wenyewe huziita hariri. Rangi nayo ilikuwa imekaa kwa mistari iliyonyooka yenye pembe, buluu nzito, buluu nyepesi, tena nzito. Hakuna mpindo, hakuna kiputo. Na hariri ikiwa bado nzima namna ile, ni dalili kwamba jiwe halikupitishwa kwenye moto mkali wa kulisafisha rangi. Ile kasoro niliyotaka kuitumia kushusha bei ndiyo iliyonithibitishia kwamba jiwe ni la ardhini.

Ufa ni habari nyingine. Shemeji alisema kuna kasoro inayokaa na kasoro inayotembea. Hariri inakaa, itakuwa vilevile nikifa. Ufa uliofika nje unaweza kutembea ukipigwa au ukichomwa ghafla. Akaufuata kwa lenzi: unaanzia ukingoni, unaingia kama robo ya jiwe, unaishia. Haufiki katikati ya jiwe. Ungekuwa umekata jiwe toka upande hadi upande, angenishika mkono tukaondoka.

Kilichomtisha zaidi ni kitu ambacho mimi sikukiona. Kucha nne zinashika jiwe, na mmoja, ule ulio jirani na ufa, ulikuwa umelika ukabaki kama karatasi. Alipogusa jiwe kwa ncha ya kijiti cha meno, lilicheza. “Watu wanaogopa ufa,” akasema, “halafu jiwe lote linadondokea chooni.”

Na kingo zilizosagika? Yakuti ni 9 kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, almasi ikiwa 10. Haliliki kirahisi, lakini miaka mingi ya kusuguana na pete nyingine kwenye kidole cha jirani hulisaga. Hiyo aliipuuza. Mwalimu mwenzangu ana pete ya tanzanaiti, ambayo ugumu wake ni kati ya 6 na 7, na miaka mitatu tu imetosha kuifanya ionekane kama imepakwa vumbi. Mchanga wetu umejaa kwarizi, na kwarizi ni 7. Ukiifuta tanzanaiti kavu kwa khanga, unaipiga msasa. Kwa anayeishi huku na kutembea na vumbi hili, hilo lina uzito kuliko doa la ndani lisiloonekana bila lenzi.

Je, ningelipeleka Arusha, Kituo cha Jemolojia Tanzania, wanakopima vito? Kwa jiwe la mamilioni ningelipeleka bila kusita. Kwa pete ya laki tano, nauli ya kutoka Mtwara hadi Arusha na kurudi, kulala na kula, ingemeza faida yote. Niliamua kununua kwa macho ya shemeji, nikijua ninalipia buluu ninayoipenda na si cheti.

Bei tuliipigania kama saa nzima. Sikutaja Tunduru wala Mwingereza. Nilitaja ukucha, nikataja ufa, nikamwonyesha vyote kwa lenzi, na hapo mzee mwenyewe alilainika. Nadhani hakuwahi kuitazama kwa makini, aliinunua kwa uzito. Kilichonikera ni risiti. Kijana alitaka kuandika “pete ya dhahabu” basi. Nikakataa. Tulivutana hadi ikaandikwa karati 9, gramu 2.8, jiwe la buluu lenye ufa. Nilipoomba aandike “yakuti ya asili”, mzee akacheka akasema hilo hawezi kuliandika. Dakika arobaini kabla alikuwa anaapa.

Matengenezo yalitaka ugomvi mwingine mdogo. Alitaka kujaza ukucha kwa moto jiwe likiwa mahali pake, kisha aitumbukize kwenye tindikali isafike, kama anavyofanya kila siku. Shemeji alishanionya: moto na ufa havipatani, na mawe mengine ambayo nyufa zake zimejazwa kioo kiwandani huharibika kabisa kwenye tindikali. Nikaomba jiwe litolewe kwanza. Akanung'unika kwamba kulitoa kuna hatari zake, na hilo ni kweli, lakini akalitoa. Nilikaa pale pale kwenye benchi hadi alipolirudisha. Kazi yake, nimpe haki yake, ni safi sana. Ukucha mpya huwezi kuutambua.

Mama mdogo alipoiona aliuliza swali moja tu: imesomewa? Kwake yeye pete isiyojulikana imetoka kidole gani haiingii nyumbani hivi hivi. Tukaiweka kwenye sahani, akaisomea anachokijua yeye, tukala ming'oko. Sina la kuongeza hapo.

Matumizi. Siivai kuchota maji, siivai kusonga ugali, siivai baharini, kwa sababu kidole hunywea kwenye maji na pete huteleza bila kuaga. Darasani vumbi la chaki hujikusanya chini ya jiwe na kulizimisha. Kila Jumapili naiosha kwa maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo na mswaki laini wa mtoto. Mwenye zumaridi ajihadhari zaidi na maji ya moto, maana zumaridi nyingi zimetiwa mafuta kwenye nyufa zake. Dhahabu ya 9 hufifia kwa jasho la huku kwetu, lakini inang'aa tena ikifutwa. Ufa naupiga picha kupitia lenzi kila mwisho wa mwezi, nalinganisha. Picha sita, mstari uko pale pale.

Nyota? Pete naipa nne. Duka nalipa mbili na nusu: ufundi mzuri, maneno mengi, risiti ya kuvutana.

Mwezi uliopita kijana wa duka alinipigia. “Mwalimu, kuna nyingine imeingia, rubi, nyekundu safi kabisa, haina hata doa.” Nilikwenda. Nyekundu kweli, na safi kweli. Kwenye lenzi mistari ilipinda kama santuri. Bei aliyotaja ilikuwa mara mbili ya yangu. Nikamrudishia, nikamshukuru, nikamsalimia mzee nikatoka. Jirani yangu hapa Shangani anaitaka hiyo hiyo rubi, na leo jioni amekuja kuazima lenzi. Nimempa pamoja na tochi, nikamwambia airudishe kabla ya mwisho wa mwezi, nina picha ya saba ya kupiga.