Dhamiri au Andiko: nani mwamuzi kwenye lumbesa?

Chukua gunia la mahindi sokoni Kibaigwa, limevimba juu kwa kilemba kilichofumwa kwa kamba ili libebe zaidi ya kilo 100, na bei ni ileile ya gunia: hiyo ndiyo lumbesa. Mnunuzi Mkristo anajuaje kwamba anamwibia mkulima?

Mkatoliki aliyemfuata Thomas Aquinas (mwanateolojia wa Zama za Kati, alifariki 1274) huanza na sheria ya maumbile: akili yenyewe inajua jema litendwe, ovu liepukwe. Dhamiri huishusha kanuni hiyo hadi kwenye gunia hili, leo. Ushahidi wake ni Warumi 2:14-15. Faida ni kwamba utaelewana na mchuuzi Mwislamu bila kufungua Biblia. Shida ni kwamba dhamiri hufa ganzi: aliyekulia kwenye lumbesa haimchomi hata kidogo. Ndiyo maana Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 1783-1785) inataka dhamiri ifundwe, tena kwa Neno na mafundisho ya Kanisa. Kusema tu "moyo wangu haunishtaki" hakutoshi.

Mlutheri husimama na Martin Luther, mwanamageuzi aliyejitetea mbele ya baraza la kifalme mjini Worms, 1521: dhamiri imefungwa na Neno la Mungu. Hapa jibu ni la haraka, Kumbukumbu la Torati 25:13-15, mawe mawili ya kupimia mfukoni, kubwa na dogo. Lakini mikopo ya simu haina aya yake, na watu huishia kulazimisha aya isiyohusika. Luther naye hakuikana sheria iliyo mioyoni, jambo linalosahaulika mno; ugomvi ni juu ya nani mwenye neno la mwisho, dhamiri au Andiko.

Kwa lumbesa, ningeanza na Kumbukumbu. Kwa mikopo ya simu, na Aquinas.