TAHADHARI: Nafasi za fildi za kulipia zinazozunguka kwenye magrupu ya wanafunzi, Unguja na Pemba

Asalaam aleikum. Wazee wenye watoto vyuoni, na nyinyi vijana mnaotafuta pahala pa kufanyia fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, au kujitolea msimu huu, nisomeni kabla hamjatuma hata shilingi.

Mie ni katibu wa jumuiya moja ndogo hapa mjini. Jina lake silitaji kwa sasa, kamati imetaka suala limalizike polisi kwanza. Jumatatu iliyopita nilifika ofisini mapema, saa moja na nusu hivi, nikamkuta binti kakaa barazani. Buibui limepigwa pasi mpaka linang'aa, mkononi bahasha ya kaki. Kaninyanyukia: "Shikamoo bi mkubwa, nimekuja kuripoti."

Kuripoti nini, mwanangu?

Akanipa barua. Juu pana nembo yetu, chini muhuri, na jina langu mie mwenyewe limekosewa herufi moja, lina saini ambayo sijaitia maisha yangu. Inasema amekubaliwa kufanya mafunzo kwa vitendo wiki nane, na kwamba "ada ya usajili imepokelewa". Kabla ya adhana ya adhuhuri washafika wanne. Hadi Jumatano wakawa saba. Sisi kwa msimu tunachukua wanafunzi wawili tu, tuna meza tatu na kompyuta mbili, na moja kati ya hizo mbili ndiyo hivyo tena.

Huyu binti wa kwanza kwao ni Wete. Hapa kafikia kwa mama yake mdogo, Mwanakwerekwe. Alinikabidhi simu nikazisoma meseji zote, na ndiyo maana naweza kukuelezeni mchezo wenyewe unavyochezwa.

Umeanzia kwenye grupu la WhatsApp la darasa lao. Mtu ambaye hakuna anayemjua, picha yake ya wasifu ni kikundi cha vijana waliovaa fulana za njano, kaweka tangazo: nafasi za fildi na za kujitolea katika jumuiya za mjini, za wanawake, za watoto, za mazingira, za msaada wa sheria, posho laki na nusu kwa mwezi, nafasi zimebaki tano. Ukimfuata faragha anakuletea fomu ya mtandaoni. Fomu inataka jina, chuo, namba ya simu ya mzazi, na picha ya kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, mbele na nyuma. Baadae inakuja 35,000 ya usajili. Ukishalipa, siku ya pili inakuja 20,000 ya fulana na kitambulisho cha kazi. Yule binti alilipa zote mbili. Wa tatu aliombwa na 15,000 ya bima, huyo akashtuka akaacha.

Alipouliza kama anaweza kuja ofisini kulipa mkononi, jibu lilikuwa hili, nalinakili kama lilivyo: "Ofisi haipokei wageni wiki hii mkurugenzi yupo semina Dodoma." Mkurugenzi wetu siku hiyo alikuwa Darajani ananunua wino wa printa.

Halafu kuna jambo ambalo lilinitia uchungu. Wakati wa kutuma hela, kabla hujatia namba ya siri, simu inakuonesha jina la mpokeaji. Binti aliliona. Lilikuwa jina la mtu, si la jumuiya. Akamuuliza, akaambiwa huyo ni mhasibu. Akatuma. Nilitaka kumkaripia, nikajizuia. Hela kaitoa mamake anayepika maandazi, na mtoto mwenyewe alikuwa kabakisha siku nne chuo kifunge orodha ya pahala pa fildi.

Sasa iangalieni barua. Niliiweka mezani nikaisoma kama ninayesahihisha mtihani. Anuani imeandikwa "Kata ya Mkunazini, Mkoa wa Zanzibar". Hapa kwetu pana shehia, hapana kata, na mkoa wetu unaitwa Mjini Magharibi. Mstari wa pili unajigamba kwamba jumuiya "imesajiliwa na BRELA". BRELA ni wakala wa Bara, anasajili makampuni na majina ya biashara. Hata ukitaka kufungua kampuni hapa Zanzibar huendi BRELA, unakwenda BPRA, wakala wa usajili wa hapa kwetu. Na sisi si kampuni. Jumuiya za hapa cheti chao kinatoka kwa Mrajis, na hizi za zamani kama yetu zilisajiliwa kwa Sheria ya Jumuiya Namba 6 ya 1995. Cheti chetu kimetundikwa ukutani, ukiingia tu unakutana nacho. Mstari wa tano unasema tunasaidia "watoto wa shule za msingi". Ofisi gani ya Unguja itaandika shule badala ya skuli? Sisemi aliyeandika katokea wapi, huenda ni kijana wa hapa hapa aliyenakili barua ya Bara akabadilisha jina tu. Lakini mtoto wa Pemba aliyesoma skuli tangu darasa la kwanza angelisoma neno moja moja, lingemgutua.

Muhuri nao. Wa kweli ukipigwa hutoka umelalia upande, wino mzito huku na mwepesi kule, tena wetu una mkwaruzo kwenye tarehe tangu ulipoanguka. Huu wa kwenye barua umenyooka, barua zote saba umekaa pahala pamoja, sawasawa. Ni picha iliyobandikwa kwenye kompyuta.

Vijana wananiuliza, basi za kweli zinakwendaje? Hazina siri. Chuo kinakupa barua ya kukuombea nafasi. Unaichukua kwa mkono wako, unakwenda ofisini, unagonga. Anaipokea mtu, anaigonga muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Ikikubaliwa unaletewa barua ya majibu, unaipeleka chuo. Ukianza unapangiwa msimamizi, anatia saini kitabu chako cha kumbukumbu, na mwalimu wa chuo anakuja kukukagua. Hakuna pesa inayotoka kwako kuja kwetu katika njia yote hiyo. Na posho ya laki na nusu? Jumuiya nyingi za mji huu zinaishi kwa mradi. Mradi ukimalizika hata katibu hana mshahara. Akipatikana wa kukupa nauli ya daladala na chai ya saa nne, mshukuru Mungu.

Tapeli ana jibu moja zuri, na nimeliona kwenye meseji za watoto watatu: "Hata Wazungu wanalipa wakija kujitolea Zanzibar." Hilo lina ukweli ndani yake, na ndiyo maana linanasa. Wageni wengi wanaokuja kujitolea hupitia kwa mawakala wa nchi zao, na wanacholipa ni chumba, chakula, kupokewa uwanja wa ndege, vibali, na faida ya huyo wakala. Mtu atokaye Ulaya kuja kukaa Jambiani au Mji Mkongwe mwezi mzima hana budi alale pahala. Wewe unayelala kwa mama yako mdogo Mwanakwerekwe unalipia nini?

Na sisi wenye jumuiya tujisute kidogo. Watoto wanaleta barua zao, zinakaa kwenye droo wiki tatu hakuna anayewajibu, si ndiyo wala si hapana. Mie mwenyewe Jumatano nilifungua droo yangu nikakuta barua sita, moja ya tangu mwezi uliopita. Mtoto anayesubiri jibu huku siku za chuo zinamkatikia, akitokea mtu anayemjibu ndani ya dakika tano, atatuaminije sisi tulionyamaza? Zile sita nimezijibu zote siku ile ile. Nne ni "samahani, hatuna nafasi". Lakini wamejua.

Waliokwisha kulipa, msione haya. Kwanza msifute ujumbe wowote, wala ule wa muamala. Pigieni mtandao wenu wa simu hapo hapo, pesa ikiwa bado haijatolewa kwa wakala pana uwezekano wa kuzuiliwa. Ikishatolewa, ni vigumu. Ujumbe wa kitapeli unatumwa kwenda 15040, kisha mfumo unakuuliza namba iliyokutumia. Nendeni kituo cha polisi mpewe RB, yaani namba ya ripoti yenu. Na waliotuma picha za vitambulisho, pigeni *106# muone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa NIDA yenu, msije mkakuta mna laini ya tano ambayo hamuijui.

Jengine dogo. Mmoja wa wale saba aliambiwa atume tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yake "kuthibitisha usajili". Alizituma. Usiku ule akatolewa kwenye WhatsApp yake, na asubuhi shangazi zake watatu walikuwa washaombwa hela kwa jina lake, mmoja katuma. Tarakimu zile ni ufunguo. Hapewi mtu, awe mhasibu, awe mkurugenzi, awe nani.

Wale saba, tumewapokea wawili kama kawaida yetu, binti wa Wete akiwemo, kwa barua mpya iliyotoka chuoni. Watano nimezunguka nao kwa miguu siku mbili, Vuga, Kikwajuni, hadi Mlandege, tukigonga milango ya wenzetu. Watatu wamepata. Wawili bado, mwenye nafasi ya kweli anifuate faragha.

Na si jumuiya yetu peke yake, nimeshaletewa barua kama hii yenye majina ya jumuiya nyengine mbili. Aliyetumiwa barua yenye "Kata ya Mkunazini" asiichane. Alkhamisi saa nne asubuhi tunapeleka nakala zote kituoni kwa pamoja. Njoo na simu yako, iwe na chaji.