Raba za mtumba za Karume: miezi minne mguuni kwa mama asiyelala

Nianze na bei maana najua ndiyo mnayoitafuta: Sh 35,000. Muuzaji alianzia 65,000.

Mwanangu ana miezi tisa sasa. Alipokuwa na mitano nilikuwa nimechoka hadi siku moja nikatoka kwenda kazini na kandambili za bafuni, mguu mmoja yangu, mwingine ya baba yake. Nilishtukia kituoni. Jirani yangu hapa Sinza akaniambia, Mama Nuru, kimbia, utapata nguvu. Mtu halali, unamwambia akimbie! Lakini nilikaa nikafikiria. Nilijifungua kwa operesheni, na nesi wa kliniki alishanikataza kukimbia kabla ya miezi mitatu, tena akasema nianze kwa kutembea. Nilikuwa nimeshatembea vya kutosha. Kilichobaki ni raba, maana zangu za zamani, namba 40, ziligoma kuingia. Kumbe mimba hutanua na mguu, na mara nyingine haurudi. Nikaulizia dukani, zile mpya za kwenye sanduku: Sh 280,000. Nikahesabu hizo ni pampasi za miezi mingapi, nikaaga.

Ndipo Karume, Jumamosi asubuhi, soko lilelile lililoungua Januari 2022. "Karibu dada, belo limefunguliwa leo, hizi ndizo anazokimbilia Simbu." Alphonce Simbu amechukua dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo 2025, sidhani kama anasubiri belo.

Nilivyochagua ni hivi. Kwanza nilibonyeza soli kwa dole gumba, maana raba iliyokaa sana stoo hukauka ikawa ngumu kama muhogo uliolala. Nikaikunja: ikikunjikia karibu na vidole ni nzima, ikikunjika katikati kama chapati, rudisha. Nikageuza kisigino kuona kimelika upande gani. Ukinunua raba iliyolika upande mmoja umenunua na mwendo wa aliyeivaa. Halafu nikafunua ulimi, kwenye kile kibandiko cha saizi, nikasoma sentimita badala ya namba, maana namba za kampuni hazifanani. Mguu wangu nilishaupima kwa futi ya fundi cherehani, jioni, wakati umevimba: sentimita 25.5. Nikachukua ya 26. Kibandiko hichohicho kilikuwa na tarehe ya kutengenezwa, 2021. Yule kijana akanitazama weee, akasema, "Dada, unanunua raba au gari?"

Sasa zenyewe. Ni nyepesi, vidole vina nafasi, na nyuma zina mstari unaong'aa ukipigwa taa. Huo mstari kwangu ni mali, kwa sababu natoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, giza bado, na Shekilango muda huo kuna bodaboda zinazotembea bila taa kabisa. Nanyonyesha kwanza, kisha navaa sidiria mbili (mnaonyonyesha mnajua kwa nini), nakimbia dakika moja, natembea mbili, nakimbia tena. Nikifika Bamaga nageuza. Siku nyingine sifiki, napigiwa simu njiani, mtoto kaamka.

Kamba nilizitoa. Kufunga kamba ukiwa na mtoto begani ni kazi ya watu wawili, nikatia lastiki ya nguo ya Sh 500. Sasa nachomeka mguu tu, mkono mmoja unatosha. Kama kuna kitu kimoja mtakachochukua kwangu, chukueni hicho.

Ubaya upo. Wiki ya tatu mvua ilinikuta njiani, na kesho yake soli ya kulia ikaanza kubanduka mbele, ikawa inafungua mdomo kama samaki. Gundi ilikuwa imechoka, na muuzaji alikuwa ameniapia kwamba haijawahi kuguswa na fundi. Fundi viatu wa hapa mtaani alibandika na kushona zote mbili kuzunguka kwa Sh 5,000. Tangu hapo zimenyamaza. Hesabu sahihi basi ni Sh 40,500 na lastiki ndani, na ningemshauri yeyote azipeleke kwa fundi siku ileile ya kununua, asisubiri mvua.

La pili halina dawa. Ya kulia inalia kwenye vigae, kwii, kwii, na binti yangu anayelala kwenye kelele zote za baa ya jirani huamka kwa hiyo kwii moja. Kwa hiyo nazibeba mkononi kama mwizi hadi kibarazani, nazivalia huko nje.

Jumapili iliyopita nilizipeleka Daraja la Tanzanite, kilomita moja na ushee juu ya bahari. Upepo ulikuwa wa usoni. Kwenda nilikimbia lote bila kusimama, kurudi nikatembea, watu wazima wenye mvi wakinipita huku wakipiga soga. Miguu haikuuma. Mgongo uliuma, ila huo ni wa kubeba mtoto, raba hazihusiki.

Keshokutwa nashuka tena Karume. Baba Nuru amenitazama miezi minne, sasa naye anataka zake, namba 44, na ameniagiza nizikanyagishe kwenye vigae kwanza.