TAHADHARI: Wanaouza "shahada kwa uzoefu wa kazi" wamenipiga, msiingie

Wadau habari zenu. Nimekaa na hili jambo miezi mitatu naona aibu kulisema, ila juzi mwenzangu wa kazini kanionyesha tangazo kwenye simu yake akaniuliza dada hawa unawaonaje, kuangalia ni wale wale walionipiga mimi, jina tu ndo wamebadilisha. Nikasema hapana, leo naandika. Kama wewe ni mtu mzima uko kazini, una watu wanakutegemea na umekwama kupanda kwa sababu huna shahada, naomba usome, maana hawa watu wanakutafuta wewe hasa.

Mimi nina miaka 14 kazini, upande wa manunuzi na stoo. Nina stashahada. Nafasi ya mkuu wa kitengo ikatangazwa, sifa ya kwanza kabisa shahada, kijana niliyemshika mkono mimi mwenyewe nikamfundisha kazi akaomba na mimi hata kuomba siruhusiwi. Inauma jamani. Usiku ule nikashika simu nikatafuta shahada kwa mtu anayefanya kazi, na kuanzia asubuhi yake kila nikifungua simu matangazo yanajileta yenyewe, "geuza uzoefu wako kuwa shahada ndani ya siku 21". Nikabonyeza. Tovuti nzuri tu, juu kuna picha ya mzee wa mvi kavaa joho jekundu na miwani, chini yake wameandika Makamu Mkuu wa Chuo. Mkumbukeni huyo mzee nitamrudia.

Chati ikafunguka yenyewe, nikaacha namba, dakika kumi hazijaisha napigiwa. Aliyepiga alijiita mshauri wa masomo. Sauti ya upole, ana subira, ananiita kwa jina langu. Akanisikiliza, kweli akanisikiliza, nikamweleza mpaka habari ya yule kijana, akasema dada miaka 14 hiyo ni zaidi ya alichosoma mtu darasani, wewe shahada unayo tayari umekosa karatasi tu. Sikuwa nimesikia mtu ananiambia hivyo siku nyingi. Nisiwafiche, hapo ndo nilipoangukia, hata kabla ya habari ya hela.

Sasa angalieni alichoniuliza. Umefanya kazi miaka mingapi, cheo gani, na unaweza kuanza na kiasi gani leo. Basi. Cheti cha stashahada hakuomba, barua ya mwajiri hakuomba, hakuna insha, hakuna mtihani, hakuna hata swali moja la kujua kama nafahamu kuhesabu mali ghalani. Saa moja na nusu baadaye akapiga tena, hongera, jopo la tathmini limekupitisha umepata GPA 3.7, halafu una ufadhili wa asilimia 60 ila unaisha saa sita usiku. Nikalipa. Ilikuwa akiba yangu ya miezi saba.

Ukishalipa mara ya kwanza ndo umefungua mlango. Ikaja ada ya usajili, ikaja ya transkripti, ikaja ya kusafirisha, ikaja ya ithibati ya kimataifa, halafu ikaja ya apostile, akaniambia bila apostile serikali yoyote haitaitambua shahada yako. Hii ya apostile naomba niifafanue maana inawapata wengi. Apostile ni kitu cha kweli, imetokana na mkataba wa Hague wa 1961, lakini kazi yake ni kuthibitisha kwamba sahihi na muhuri ulioko kwenye hati ni wa mtu mwenye mamlaka ya kusaini hati ile. Haisemi chuo kipo wala haisemi umesoma. Cheti feki kikipelekwa kwa mwanasheria akaweka sahihi yake, apostile inaweza kutoka ikathibitisha sahihi ya mwanasheria, na uongo ulioko ndani unabaki uongo vile vile.

Bahasha ikafika. Karatasi nzito, jina langu kwa maandishi ya kukunjana, muhuri wa dhahabu. Ule muhuri ni stika, ukipitisha ukucha pembeni unabanduka. Transkripti ina masomo ya miaka minne, Takwimu za Biashara II nimepata A, Sheria ya Mikataba A, masomo ambayo sijawahi kuona hata jalada la kitabu chake. Nikaiweka kwenye droo siku mbili, kuna kitu kilikuwa kinanikataa moyoni, halafu nikampelekea dada mmoja wa utumishi ninayemwamini, nikamwambia nisaidie kabla sijaiwasilisha. Akaisoma taratibu, akaweka kidole kwenye mstari mmoja, akaniuliza: "Hapa wameandika ulijiunga mwanafunzi wa kutwa, miaka minne. Miaka hiyo si ulikuwa hapa hapa stoo, sahihi zako zimejaa kwenye hati za kupokea mizigo?"

Sikuwa na jibu. Walirudisha tarehe nyuma ili shahada ionekane ya zamani, na mimi nilikuwa sijaangalia tarehe. Yule dada ameniokoa kazi wallahi. Akanieleza kwamba waajiri wengi siku hizi hawakuulizi wewe, wanaandikia chuo moja kwa moja au wanapitia huduma za kuhakiki, kwa mfano Uingereza wana HEDD inayohakiki shahada za vyuo vya huko, na cheti feki kikishaingia kwenye faili lako kwa mkono wako, maelezo ya kwamba ulidanganywa hayasaidii sana, pale wewe ndo umeghushi. Unaweza kufukuzwa hata baada ya miaka kumi, na sehemu nyingi ni jinai.

Nikaacha kuwalipa. Wiki mbili baadaye napigiwa na mtu mwingine, sauti ya ukali, anajiita ofisa wa serikali, ana jina langu kamili na namba ya cheti, anasema nina kesi ya kutumia hati isiyosajiliwa ila nikilipia "uhalalishaji" faili linafungwa. Nilitetemeka mpaka nikakaa chini. Usiku ndo nikaanza kusoma, nikakuta mchezo huu una historia ndefu na mimi ni mmoja kati ya maelfu.

Mei 2015 gazeti la New York Times lilianika kampuni moja ya Karachi, Pakistan, inaitwa Axact, iliyokuwa na tovuti zisizopungua 370 za vyuo hewa, shule hewa, na hadi mashirika hewa ya kutoa ithibati ili vyuo vyao hewa viwe na wa kuvithibitisha. Maprofesa kwenye video zao walikuwa waigizaji. Waliuza hadi hati za uthibitisho zenye sahihi ya John Kerry aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani. Na lililonifanya nikae wima kitandani, wafanyakazi wao walikuwa wanawapigia wateja wa zamani wakijifanya maofisa wa serikali ili wawakamue tena. Vile vile kama nilivyofanyiwa. Mwaka 2017 mmoja wa wakubwa wa kampuni hiyo alifungwa miezi 21 huko New York, na waendesha mashtaka walisema utapeli wenyewe uliingiza dola milioni 140 hivi. Sisemi walionipiga mimi ni hao, siwajui ni kina nani, nasema njia ni ile ile. Na si mambo ya intaneti tu, FBI walikuwa na operesheni ya kuwawinda wauza vyeti tangu miaka ya 1980, wakati huo wakitumia posta.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba wamejificha nyuma ya kitu cha kweli. Uzoefu wa kazi unahesabika kwelikweli kwenye elimu, kuna utaratibu wa kutambua ujuzi wa awali na nchi nyingi zinao. Ufaransa wana sheria ya 2002 inayoitwa kwa kifupi VAE, mtu anaweza kupata hata shahada nzima kwa aliyojifunza kazini. Lakini pale unaandaa faili kubwa la maandishi, unaeleza kazi gani umefanya, kwa njia gani, ulikutana na tatizo gani ukalitatua vipi, halafu unakaa mbele ya jopo wanakuhoji, na wanaweza kukupa yote, nusu, au wakakunyima. Watu wanatumia miezi na miezi. Kwa hiyo msije mkatoka hapa mkasema uzoefu hauhesabiki, unahesabika sana, ila wa kweli anataka uthibitishe unachokijua na huyu tapeli anataka uthibitishe kwamba una hela.

Halafu habari ya kuangalia. Usiangalie kama tovuti ni nzuri, na usiridhike kuona "ac" mwishoni mwa anwani. Ile .ac.uk ya vyuo vya Uingereza inatolewa kwa masharti, lakini .ac peke yake ni ya kisiwa cha Ascension kule Atlantiki na mtu yeyote anaweza kuinunua. Na .edu tangu 2001 inatolewa kwa taasisi za Marekani zenye ithibati tu, ila zilizokuwa nayo kabla ya hapo ziliachwa nayo, kwa hiyo hata hiyo isikutoshe. Wakikwambia "tumetambuliwa na UNESCO" kimbia, UNESCO haitoi ithibati kwa chuo chochote. Wewe fungua WHED, orodha ya mtandaoni ya vyuo vikuu vinavyotambulika duniani, ya Shirikisho la Kimataifa la Vyuo Vikuu wakishirikiana na hao hao UNESCO, ni bure, andika jina la chuo herufi kwa herufi maana hawa wanapenda majina yanayofanana na vyuo vikubwa, neno moja tu limegeuzwa. Halafu nenda kwa mamlaka ya elimu ya juu ya nchi ambayo chuo kinasema kipo, waandikie wewe mwenyewe kwa anwani uliyoitafuta wewe, siyo namba uliyopewa na mshauri. Na muulize mwajiri wako kabla ya kulipa: chuo hiki mtakikubali? Mimi ningeuliza hilo swali moja, akiba yangu ingekuwepo.

Kusoma huku unafanya kazi kupo, tena kwa muda mrefu. UNISA ya Afrika Kusini inafundisha kwa masafa tangu 1946, Open University ya Uingereza ilianzishwa 1969 na kozi zake nyingi za shahada ya kwanza hazidai cheti chochote ili uanze. Ni miaka, siyo siku 21. Mimi nimeomba chuo huria, wamenitaka vyeti vyangu halisi, barua ya kazini na kuandika kurasa mbili kwa nini nataka kusoma, nikaandika usiku watoto wamelala, na nilivyoona wananiuliza maswali hayo nikapumua.

Kama umeshalipa, acha kulipa leo, usisubiri "ada ya mwisho" maana haipo. Ongea na benki au kampuni ya kadi uliyolipia haraka, ukichelewa kurudisha muamala kunakuwa kugumu. Tunza meseji na risiti zote, karipoti polisi. Usikiwasilishe hicho cheti popote, na kama ulishakiwasilisha tafuta mwanasheria kabla hujaongea na mtu. Anayekupigia kukutisha mwambie alete barua rasmi, kata simu. Na atakayekuja inboksi kusema anaweza kukurudishia hela yako ukimlipa kidogo kwanza, huyo ni tapeli wa pili, mara nyingi amepewa namba yako na wa kwanza.

Yule mzee wa joho jekundu nilimtafuta kwa picha yake mtandaoni. Nimemkuta ni makamu mkuu wa vyuo vinne, kila kimoja na jina lake tofauti, joho lile lile miwani ile ile. Na kwenye tangazo la juzi la mwenzangu yupo pia. Ukimwona funga, na mwonyeshe na aliye karibu yako.