Betri ya PSP-3000 iliyoandikwa 3,600: uzoefu wangu wa Kariakoo

PSP-3000 yangu, kifaa cha Sony cha kuchezea gemu mkononi, niliinunua ikiwa imeshatumika, na kwa miaka kadhaa ilinipa saa nne, wakati mwingine tano, za kucheza kabla ya kudai chaji. Katikati ya joto la Januari mpwa wangu alinijia akiwa ameishika kama mgonjwa: "Mjomba, inaonyesha asilimia arobaini halafu inazima." Niliijaribu mwenyewe na ndivyo ilivyokuwa. Kipimo kilishuka taratibu hadi arobaini, kisha taa ya kijani ikapepesa mara chache na skrini ikawa nyeusi.

Kwanza niliishuku chaja, maana umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo, chaja ndiyo hulaumiwa kabla ya kitu kingine chochote. Kabla ya kutoa pesa nilifanya jaribio moja ambalo ningependa kila mwenye PSP alijue. Nilichomoa betri kabisa, nikaunganisha chaja, nikakiwasha kifaa. Kiliwaka, na gemu ikaendelea kwa nusu saa bila kusita. PSP hufanya kazi kwa chaja peke yake, kwa hiyo ikiwaka bila betri unajua mara moja kwamba chaja, tundu lake na bodi ni vizima, na kilichobaki kushukiwa ni betri au vile vibati vya shaba vinavyoigusa. Tunaishi Kigamboni, ambako chumvi ya upepo wa bahari hula hata vitasa vya milango, hivyo nilivisugua vibati hivyo kwa kifutio cha penseli na kuvipangusa kwa spiriti. Hakuna kilichobadilika.

Jibu lilikuwa mezani muda wote huo. Nilipoilaza PSP juu ya meza ya chakula ilikuwa ikiyumba, na nilipoinama kuitazama usawa wa macho niliona mfuniko wa betri umeinuka upande mmoja, kiasi cha unene wa kadi ya simu. Betri ilikuwa imevimba. Betri za lithiamu huzeeka hata zikikaa bure, na joto huharakisha uzee huo. Kemikali za ndani zikivunjika hutoa gesi, na gesi haina pa kwenda. Betri ya namna hiyo haichajiwi tena, haibanwi irudi mahali pake, wala haitobolewi.

Nilivuka kwa pantoni, nikapanda daladala hadi Kariakoo, na katika duka moja lenye vifaa vya simu hadi darini nikauziwa betri kwa shilingi 18,000. Juu yake pameandikwa 3,600 mAh, yaani kipimo cha chaji ambayo betri inaweza kubeba. "Hii, kaka, inakaa mara tatu ya ile," muuzaji aliniambia, nami, lazima nikiri, nilitaka kumwamini. Betri halisi ya PSP-3000 ni ya mAh 1,200. PSP ya kwanza kabisa, ile nene iliyotoka Japani mwaka 2004, ilikuwa na betri ya 1,800, na ili kuipata hiyo ilibidi betri yenyewe iwe nene zaidi. Kwa hiyo betri yenye umbo lile lile jembamba haiwezi kubeba mara tatu kwa sababu tu kiwanda kimeamua kuchapa namba kubwa. Hata mkononi ilikuwa nyepesi kuliko ile ya zamani, jambo ambalo lilipaswa kunishtua pale pale dukani.

Niliichaji ikajaa mara tatu na kuipima kwa saa ya ukutani, mwanga wa skrini ukiwa wa kati na mtandao umezimwa. Muda mrefu zaidi niliopata ni saa moja na dakika ishirini. Niliporudi dukani nilioneshwa karatasi iliyobandikwa ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi.

Fundi mmoja wa ghorofani, mtaa wa pili kutoka hapo, ndiye aliyenisaidia. Aliipima betri yangu ya zamani kwa mita, akatikisa kichwa, akaitumbukiza katika ndoo ya mchanga aliyoiweka mbali na meza yake ya kuchomea risasi. Kisha akatoa betri iliyoandikwa 1,200 tu, akaipima mbele yangu, akaniruhusu nikae kwenye benchi nicheze kwa saa nzima kabla ya kulipa. Bei yake ilikuwa shilingi 35,000, karibu mara mbili ya ile ya kwanza, na sijutii hata shilingi moja. Nyumbani imenipa saa tatu na dakika hamsini kwa gemu iliyo kwenye kadi ya kumbukumbu, na saa tatu na dakika kumi kwa gemu ya diski, kwa kuwa mota inayozungusha diski nayo inakula chaji.

Sehemu ya tatizo, hata hivyo, ilikuwa ya kwetu nyumbani. Mpwa wangu alikuwa akisukuma swichi mara moja na kuondoka akidhani amezima, kumbe kifaa kimelala tu na kinaendelea kunyonya betri kidogo kidogo hadi asubuhi. Kukizima kabisa ni lazima uishikilie swichi kwa sekunde kama tatu. Pia alikuwa akichomeka waya wa USB kwenye kompyuta huku kifaa kikiwa kimezimwa, akashangaa kwa nini taa ya rangi ya chungwa haiwaki, wakati kuchaji kwa njia hiyo kunahitaji kifaa kiwe kimewashwa na mpangilio wake uwe umeruhusiwa kwenye menyu.

Duka la kwanza nalipa nyota moja, fundi nampa nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu hakunipa risiti hadi nilipoiomba. Ile betri ya 3,600 bado ninayo. Nimeikwangua namba yake kwa wembe na kuandika juu yake kwa kalamu ya maka "dakika 80", isije ikamfikia mtu mwingine ikiwa na jina lake la zamani.